Sahani za Kutupa au Sahani za Kukodi? Hesabu ya Sikukuu Kabla Hujaenda Kariakoo

Kila inapokaribia Idi au Krismasi, wateja wetu wa hapa Dar es Salaam hutuuliza swali lilelile: ikiwa sahani za kutupa zinapatikana Kariakoo kwa bei ya jumla, kuna haja gani ya kukodi sahani ambazo lazima zirudishwe? Ni swali la haki, na tungependa kulijibu kwa hesabu kwanza.

Chukua shughuli ya watu 60 watakaokunywa chai asubuhi na kula pilau mchana. Kila mgeni atahitaji kikombe na kisahani cha asubuhi, sahani ya pilau, kibakuli cha mchuzi, kijiko na gilasi ya sharubati, yaani vitu 6, na kwa wageni wote ni vitu 360 vinavyonunuliwa leo na kutupwa leo. Hesabu hiyo bado ni ya chini, kwa sababu sahani laini hupinda kwa uzito wa wali wa moto na wageni huzishika mbilimbili, na mtoto akisahau alipoweka kikombe chake hupewa kingine. Sahani nzuri ya melamini ni ghali kuinunua, lakini huhudumia shughuli nyingi kabla ya kuchakaa, na gharama yake hugawanyika kwa wote waliowahi kuikodi. Kabla ya kuamua, omba bei kwetu, omba bei dukani, kisha uzilinganishe kwa idadi halisi ya wageni wako.

Upande wa taka ndio unaotuumiza zaidi. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania, tumezoea kwenda sokoni na vikapu. Lakini marufuku ile ilihusu mifuko, na vile vyombo vyeupe vya plastiki ya povu vya kubebea chakula vilibaki. Waokotaji wanaopita mitaani hulipwa kwa kilo, kwa hiyo huchukua chupa na makopo na kuviacha vyombo hivi, kwa kuwa sehemu kubwa ya povu ni hewa na gunia zima halina uzito wa maana, tena limejaa mafuta ya chakula. Krismasi huja mwishoni mwa vuli, na miaka hii Idi el-Fitri imeangukia Machi na Aprili, masika yanapoanza. Kilichoachwa uwanjani huelea hadi mtaroni, huziba njia ya maji, na kinachopita huishia katika Mto Msimbazi, ambao wakazi wa Jangwani wanajua vyema unavyofurika. Kuvichoma nyuma ya nyumba si suluhisho, kwani moshi wake una sumu, na kwa kawaida watoto ndio wanaosimama karibu na moto huo.

Kwa wanaopenda, tunapendekeza masinia. Desturi ya Pwani ya watu wanne au watano kula sinia moja hupunguza vyombo vya kuosha, na pia hupunguza chakula kinachobaki, kwa sababu mtu hula anachotaka badala ya kujaziwa sahani asiyoimaliza. Watu 60 wanatosha kwa masinia 12 hadi 15. Kwa upande wa chakula, sisi hupigia kilo 1 ya mchele kwa watu wanane. Anayeogopa kupungukiwa na kuongeza nusu ya hesabu hiyo hulipia mchele, nyama na mkaa wa chakula kitakachochacha usiku. Maji ya kunywa yawekwe katika ndoo safi zenye bomba, na katoni za chupa ndogo hazitahitajika.

Ni lazima tuseme pia kwamba si kila familia inatuhitaji. Kama mko 15, tumieni vyombo vya kabatini, na vikipungua muazime kwa jirani kama ilivyokuwa kabla ya biashara yetu kuwepo. Kukodi gari kwa ajili ya sahani chache ni kupoteza mafuta na fedha.

Kwa shughuli kubwa, tafadhali weka oda angalau wiki moja kabla, kwa sababu siku za mwisho masinia huisha mapema kuliko sahani. Tunahesabu vyombo mbele yako wakati wa kuvileta na wakati wa kuvichukua, na fedha ya dhamana hurudishwa siku hiyohiyo baada ya kukata thamani ya kilichopotea au kuvunjika. Huna haja ya kuviosha. Tunachoomba ni makombo yakung'utwe katika ndoo moja, mifupa kando, maana tuna mfugaji wa kuku anayeyafuata kila jioni ya sikukuu.