Yaya, kile kichuguu cha pili tukiache

Yaya wangu, mkubwa wangu tuliyezaliwa naye, jambo sana.

Jumamosi nilipita shambani kwa marehemu mama, huko Annexe, komini ya nje ya mji, shamba unalolikata viwanja vya kuuza. Sikukupigia simu kwa sababu tungegombana kabla sijamaliza. Ninaandika mbele za watu kwa kuwa jambo hili si letu peke yetu: pembeni mwa Lubumbashi karibu kila familia yenye shamba ina ndugu aliyeshika kamba ya kupimia viwanja.

Kichuguu cha upande wa barabara kimekwisha. Vijana wamekikata wima, na juu ya ukuta wa udongo uliobaki bado inaning'inia mizizi ya mahindi ya msimu uliopita. Chini yake matofali yamepangwa safu kwa safu, yanakauka. Tanuru liko tayari, na ile miti tuliyokuwa tukipumzika kivulini mwake imelazwa kando kungoja moto. Niliokota bonge nikalivunja. Zito, laini, bado lina unyevu mwezi huu wa tisa, na shamba lote lingine limekuwa vumbi jekundu.

Unakumbuka kazi aliyotupa mama kila mwaka kabla ya mvua? Beseni kichwani, tunachota ule udongo na kuumwaga kwenye matuta. Ardhi ya huku kwetu ni maskini, ina uchachu, na bila kitu cha kuishibisha mahindi hutoa magunzi madogo. Udongo wa kichuguu ndio uliokuwa mbolea yetu. Juu ya kichuguu chenyewe mama alipanda maboga, na mvua za kwanza zilipoanza, uyoga ulijitokeza pembeni, mwingine mpana kuliko sahani, tukaula na bukari, ugali wetu, siku tatu mfululizo. Mchwa walikijenga kilima kile kwa karne nyingi. Vijana wamekimaliza kwa kiangazi kimoja.

Unaniambia kiwanja kinaleta dola leo, shamba linaleta magunia mwakani. Ni kweli, na pesa za masomo ya watoto wako hazingoji. Lakini magunia yale tulikuwa tukila. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na tangu zamani sehemu kubwa ya unga wake inatoka upande wa pili wa mpaka, Zambia. Mwaka 2024 ukame ulipoikamata Zambia, mfuko wa kilo 25 uligeuka jambo la kujadiliwa nyumbani mwangu kila wiki. Mke wangu alipunguza bukari ya jioni ili watoto washibe. Ningekuwa na magunia mawili ya mama pembeni ya mlango, nisingekaa nikingoja malori ya Kasumbalesa, pale mpakani.

Halafu unasema tutalima mbele zaidi. Wapi, yaya? Upande ambao upepo umepeleka moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba tangu enzi za wakoloni, udongo umejaa shaba mpaka majani yenyewe yanaota kwa shida. Huko huwezi kupanda lengalenga, yaani mchicha, ukamlisha mtoto. Ardhi safi inaliwa na sumu upande mmoja na matofali upande mwingine. Na tukienda mbali kabisa, barabara za matope wakati wa mvua zitakula faida yote kabla gunia halijafika sokoni.

Hata karatasi ya chifu unayouzia viwanja usiitegemee sana. Sheria ya Kongo ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya serikali, na wanunuzi wengi wanaishia kurudi kwa muuzaji na hasira zao.

Sikuombi usiuze chochote. Kule juu, kwenye barabara, kichuguu kimeshavunjwa. Uza viwanja vinne, watoto wasome. Kuanzia kwenye mwembe kushuka mpaka kwenye dembo, lile bonde la majimaji, palipo na kichuguu cha pili, tuache. Pale maji yako karibu, mboga zinaota hata kiangazi, na nyumba ikijengwa pale itaingia maji kila mwezi wa pili.

Waambie vijana wa matofali wasimame Ijumaa. Jumamosi nitakuwa pale na wanangu wawili na mabeseni, tuanze kuandaa matuta kabla mvua haijatukuta. Majembe ya mama yapo kwako, nyuma ya mlango wa stoo. Niletee mawili, lile la mpini mfupi lisikose.

Mdogo wako.