Lile si Fuso, ni Scania 111

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu enzi zile linafika Mafinga siku ya pili yake, limekunjwa chini ya kiti cha kondakta, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Mlishakosea majina ya vijiji nikanyamaza, mliwahi kuichukua Nyololo mkaipeleka Njombe nikacheka tu na mama watoto. Ila hii ya juzi ya malori ya magogo hapana, hii imenikalisha macho usiku.

Mnaijua, ile yenye picha kubwa ya gari lenye pua refu limelala kwenye majani pembeni ya njia ya Mgololo, halafu chini yake mmeandika "Fuso chakavu". Fuso! Yaani siku hizi kila kitu chenye tairi zaidi ya nne ni Fuso? Mjukuu wangu yuko darasa la pili, anajichongea malori kwa mabaki ya paini na matairi anakata kwenye kandambili zilizokufa, nilivyomwonyesha ile picha akasema babu hii si Scania? Darasa la pili. Mwandishi wenu ana digrii.

Lile ni Scania 111. Na kama angeinama kidogo akafuta vumbi kwenye kibati angekuta LT111, hiyo T maana yake ekseli zote mbili za nyuma zinavuta, ndo maana lilikuwa linatoka kwenye tope la masika ambalo hata mbuzi anapita kwa kufikiria. Ile 11 ya mwanzo ni lita za injini, kumi na moja, silinda sita na turbo, na ile 1 ya mwisho ni uzao wake, kabla yake kulikuwa na 110, na 1981 ikaja 112, halafu 113 ambayo mpaka leo mnapishana nayo mlima Kitonga. Wakubwa wake wenye V8 ya lita 14 waliitwa 140 na 141, hesabu ni hiyohiyo. Hayo nayaandika kutoka kichwani, sijafungua kitabu. Na huyo mwandishi akitoka Dar kuja huku anapita Kibaha, anapita pale panapoitwa Tamco, sijui anadhani Tamco ni jina la chifu? Ni kiwanda, Scania zilikuwa zinaungwa pale pale, na mikono ya Watanzania. Amepita nyumbani kwa gari lenyewe halafu amefika huku akaliita Fuso.

Lakini jina ningesamehe. Kilichonichoma ni kile kipande cha chini, pale mnaposema wazee wanaokaa kijiweni kuongelea malori ya zamani ni watu "wasiokubali kuwa wakati umepita". Kijiwe anachosema ni cha kwetu, kahawa yetu aliinywa vikombe vitatu na hakulipa. Hakutuuliza swali hata moja la maana, alituuliza kama tunaona huruma kuyaona yanaoza, basi, akapiga picha akaondoka.

Angeuliza angeambiwa. Mi nilianza utingo 1979, mwaka ule malori mengi ya mashirika na ya watu binafsi yalikuwa yameenda Kagera vitani na mengine hayakurudi, kwa hiyo yaliyobaki yalikuwa yanafanya kazi ya matatu. Usukani nilikabidhiwa 1984. Wakati huo spea hakuna, tairi hakuna, betri mpya ulikuwa unaisikia kwa watu, jioni unalaza gari kwenye mteremko makusudi ili asubuhi uliachie lijiwashe lenyewe likiteremka. Saa kumi alfajiri, mwezi wa saba, Mufindi, ukungu huoni mwisho wa boneti yako, usukani umeshika baridi kama umetoka kwenye friji. Kabla halijaja trekta lenye mkono magogo tulikuwa tunapandisha kwa kamba, unaegemeza miti miwili kwenye bodi, watu watatu huku watatu kule, gogo bichi la patula, ile paini ya huku, linatoa utomvu mpaka shati linasimama lenyewe. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilipoanza kazi 1985 ndo tukajua kazi ni nini, kile kiwanda kilikuwa kinakula miti kama nzige. Daftari mnazoandikia huko, ninyi wa rika langu, zilipita mgongoni kwa 111 na wenzake.

Na gia kumi zile huchezei. Ukishuka na mzigo sheria ni moja, gia uliyopandia ndo hiyohiyo ushukie, mguu kwenye breki ni wa dharura, kazi anaifanya injini na breki ya ekzosi. Ukikosea mlimani gari linaanza kurudi nyuma, hapo ndo unamwona utingo thamani yake, anaruka na kabari ya mkaratusi anaipiga nyuma ya tairi, akichelewa sekunde mbili mnazikwa siku moja. Mi nilikuwa huyo wa kabari miaka mitano. Wasiokubali wakati umepita! Wakati nimeuona unapita, nilikuwa nimeushikia kabari.

Sasa nisikilizeni hili. Miaka sita iliyopita nilienda Iringa kupimwa macho, natoka nikapita kwenye yadi moja ya vyuma chakavu, sitaitaja, nikaona rangi ya chungwa chini ya kutu. Nikasimama. Boneti ina kishimo upande wa kushoto, kishimo hicho nilikitengeneza mimi mwenyewe na kisiki mwaka wa pili wa kuendesha, nikakatwa mshahara kwa ajili yake. Ndo lenyewe, 111 niliyokuwa naendesha. Tumbo lilinikata pale pale. Vijana wawili wanalipasua kwa gesi, kabini imeshatenganishwa imelala kifudifudi, chasi wanaikata vipande kama mkate, na mmoja amekalia tangi la dizeli anakula muhogo. Nikawaambia vijana naomba kununua usukani tu, sitaki kingine. Wakaangaliana. Wakaung'oa wakauweka kwenye mzani, nawaambia ukweli, wakaupima kwa kilo, usukani ulioshikwa na watu waliokwisha kufa, wakanitajia bei kana kwamba nanunua nyama. Mfukoni nina nauli ya kurudi na karatasi ya hospitali. Yule mdogo akaniuliza, mzee kwani hili gari lilikuwa la kwako? Nikasema hapana, maana kweli halikuwa langu, lilikuwa la shirika, mimi nilikuwa nalala ndani yake tu. Akasema basi lete hela kesho. Kesho yake nikapanda basi la kwanza na hela ya kukopa, nafika nakuta pako wazi, usiku limekuja semi limebeba kila kitu kwenda Dar kuyeyushwa, hata usukani wameutupia humohumo. Nondo za nyumba ya mtu sasa hivi. Nikanywa chai pale stendi nikarudi, mke wangu aliuliza macho wamesemaje nikamwambia wamesema nisome kidogo.

Na hapo hapo mhariri mbona hao wenye mizani hamuwaandiki? Habari zenu zote ni malori ya magogo yanaharibu barabara, malori ya magogo yanapaki vibaya. Huku kwetu kibao cha kona kali kimeng'olewa, kikawekwa kingine, kikang'olewa na chenyewe. Vyuma vya kingo za daraja vinakatwa usiku. Mpini wa pampu ya kisima uliondoka siku ya Jumapili watu wako kanisani. Jirani yangu aliacha sufuria ya pilau nje ipoe, akakuta pilau limemwagwa kwenye majani ya mgomba vizuri kabisa, sufuria haipo, mwizi mwenye heshima zake huyo. Vyote hivyo vinaenda wapi kama siyo kwenye ile mizani? Anayeleta kibao cha barabarani anaulizwa amekitoa shamba gani? Kilo ni kilo. Ila dereva akipakia gogo moja zaidi ya kibali anasimamishwa mageti manne.

Nimetoka nje ya mada, narudi. Mpwa wangu yuko Canada, upande wa Vancouver, alikuja likizo akanionyesha kwenye simu malori ya magogo ya kule, Hayes na Pacific, mhariri yale ni majumba, mengine ni mapana mno hayakuruhusiwa kabisa barabara za kawaida, yalikuwa yanaishi msituni tu, na yanabeba tangi la maji la kumwagia breki zisiungue yakishuka mlima. Hayes walifunga kiwanda 1975, miaka mingi, lakini wazee wa kule wameyatunza, wameyapaka rangi, wanayawasha, wajukuu wanapakiwa wanazungushwa. Hakuna gazeti linawaambia wakati umepita. Brazili nao hiyohiyo 111 wanaiita mamba kwa sababu ya pua lake, na mtu mwenye mamba wake anaringa nayo. Waswidi wenyewe wana makumbusho pale kiwandani Södertälje. Sisi tunayo kwenye majani, tunaipiga picha, tunaiita Fuso.

Kijiweni kwetu hata hatuelewani, msidhani tunakaa kusifiana. Kuna wa Fiat 682 ambaye kwake hakuna gari lingine lililowahi kuzaliwa, kuna wa Leyland, kuna mmoja wa Bedford tunamvumilia kwa sababu ya umri. Lakini wote siku ile tulikasirika pamoja.

Ninachotaka ni hivi. Kwanza picha irudiwe, ukurasa uleule, ukubwa uleule, na chini muandike Scania LT111, msiongeze neno chakavu, msiongeze neno lolote. Pili lile gari la njia ya Mgololo livutwe mpaka Mafinga liwekwe pale penye maua yaliyokauka karibu na stendi, boneti liachwe wazi watoto waone injini, pua lielekezwe Mgololo siyo Dar, na lipakwe rangi yake ya chungwa, siyo rangi ya kampuni ya simu maana nawajua, mtakuja kukuta limeandikwa bando. Nani alipe sijui, labda wenye mizani.

Tatu mwandishi aje, wiki ya kwanza ya mwezi wa saba, siku nne, awe utingo. Siyo kwenye 111, zimeisha, nitamtafutia lolote lenye mzigo na tope. Aje na sweta la maana na alipe kahawa ya watu. Kabari asihangaike nayo, niliyoachiwa na dereva wangu bado ninayo, mama watoto anazuilia mlango wa jiko.

Ni mimi,
Dereva mstaafu,
Mafinga