Mandhari meusi ya Linux yasiishie nusu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie kero inayotupata tunaotumia Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta) usiku, yaani mandhari meusi (mwonekano wa skrini wenye nyuma nyeusi na herufi nyeupe) ambayo hayakubali kuenea kompyuta nzima.

Ni kweli kwamba tangu GNOME 42, toleo la moja ya mazingira ya skrini ya Linux, lilipotoka mwaka 2022, kitufe kimoja katika mipangilio hugeuza programu zote zinazofuata utaratibu huo, na wenzetu wa KDE Plasma, mazingira mengine, wanayo mandhari meusi ya Breeze Dark. Hata hivyo madirisha ya Linux hayachorwi na maktaba moja (mkusanyiko wa vipande vya programu vilivyo tayari): programu za maktaba ya GTK zina mipangilio yake na za Qt zina yake, kwa hiyo mtu hurekebisha faili ya settings.ini upande huu, kisha akahangaika na zana za qt5ct au Kvantum upande ule. Programu inayoendeshwa kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta, nayo husoma mipangilio ya root, si yako, ikafunguka nyeupe pee katikati ya giza.

Hayo navumilia, kwani yana dawa. Nisilolivumilia ni mtunzi wa programu kuchagua rangi moja na kuisahau ya pili. Juzi nilifungua programu ya kutunza hesabu, nikaandika tarakimu ndani ya kisanduku, nisione kitu. Nilipozipitishia kipanya zikajitokeza ndani ya alama ya buluu, nilipobofya pembeni zikatoweka tena. Mtunzi alikuwa amekipaka kisanduku rangi nyeupe mwenyewe, lakini rangi ya herufi akaiachia mandhari, ambayo kwangu huzifanya nyeupe. Kwenye kompyuta yake yenye mandhari meupe, bila shaka kila kitu kilisomeka vizuri.

Ombi langu kwa watunzi wa programu si kubwa. Anayeamua rangi ya nyuma aamue na ya herufi, au zote mbili aziachie mandhari ya mtumiaji, kisha aijaribu kazi yake katika hali zote mbili kabla ya kuitoa.

Mtunzi wa programu ile nimekwisha kumwandikia. Hadi atakapoirekebisha, naiwasha kutoka kwenye teminali (dirisha la kuandikia amri) kwa kutanguliza GTK_THEME=Adwaita, yaani mandhari meupe ya GTK, ili ibaki nyeupe yote na tarakimu zangu nizione.

Msomaji wako