Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: REJISTA ZA ZAMANI ZA HOSPITALI ZA MISHENI NA VYUO VYAKE VYA UUGUZI

Tunaokuandikia ni wauguzi na watunza kumbukumbu wa hospitali za Kanisa Katoliki mikoa ya kusini mwa Tanzania. Ombi letu ni moja: idara yako itoe mwongozo wa maandishi unaoeleza rejista hizi zitunzwe vipi, nani ana ruhusa ya kuziteketeza, na baada ya miaka mingapi. Kwa sasa uamuzi huo anao yeyote anayehitaji chumba cha stoo.

Chukua misheni ya Ndanda, mkoani Mtwara. Mwaka 1905, Vita vya Majimaji viliteketeza misheni za Lukuledi na Nyangao za Wabenediktini, watawa Wakatoliki kutoka Ujerumani. Mwaka 1906 wakaanza upya Ndanda, chini ya uwanda wa Makonde, penye chemchemi. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa wamisionari Wajerumani. Waliporudi, kazi ya tiba ikapanuka, na mwishoni mwa miaka ya 1920 akaja Sista Thekla Stinnesbeck, daktari, ambaye historia ya matibabu ya ukoma huko Mwena, jirani na Ndanda, haiandikiki bila yeye. Karatasi za misheni kama hiyo zimepita lugha nne: Kijerumani cha mwandiko wa zamani, ambao hata Mjerumani wa leo huusoma kwa taabu, Kilatini cha vitabu vya ubatizo, Kiingereza cha enzi ya ukoloni wa Waingereza, kisha Kiswahili. Anayezipanga bila kulijua hilo hutupa daftari la Kijerumani akidhani ni la mahesabu ya seremala.

Vyuo vya uuguzi vya misheni vilizaliwa ndani ya wodi. Mwanafunzi alianza kwa kutandika kitanda, kuosha mgonjwa na kupima joto, akipata somo la darasani baada ya zamu. Kwa hiyo ushahidi wa chuo hauko chuoni peke yake. Fungua rejista ya leba ya miaka ya 1960 au 1970 usome mstari mmoja: tarehe, jina la mama, kijiji, mimba ya ngapi, watoto walio hai, saa ya kujifungua, mtoto alivyotangulia (kichwa au matako), uzito wake, kondo la nyuma limetoka zima au la, damu iliyopotea. Mwishoni kabisa kuna sahihi mbili, ya mkunga na ya mwanafunzi aliyezalisha chini ya macho yake. Mstari huohuo unapaswa kuonekana katika kitabu cha mazoezi cha mwanafunzi, na jumla ya mistari hiyo ndiyo iliyompa haki ya kukaa mtihani na hatimaye kuandikishwa katika daftari la Baraza la Wauguzi na Wakunga. Hivi ni vitabu vitatu vinavyotoleana ushahidi. Muuguzi wa daraja B aliyepoteza cheti leo, chuo chake kikiwa kimebadilika jina au kufungwa, hana njia nyingine ya kuthibitisha kwamba alisoma. Rejista ya leba ikichomwa, na chuo kimepoteza shahidi.

Kwa nini zinachomwa? Sababu ya kwanza ni umiliki. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inalenga ofisi za umma. Hospitali nyingi za Kanisa hazikutaifishwa kama shule, ila kadhaa ziliingia mkataba na Serikali zikawa Hospitali Teule za Wilaya. Jengo ni la jimbo la Kanisa, mgonjwa ni wa wilaya, baadhi ya watumishi wanalipwa na Serikali. Rejista ni ya nani? Halmashauri humwangalia askofu, jimbo humwangalia mganga mkuu wa wilaya, na kitabu kinabaki sakafuni.

Ya pili ni MTUHA, mfumo wa Serikali wa kukusanya taarifa za huduma za afya. Tangu mfumo huo uingie miaka ya 1990, leba inajazwa katika Kitabu Na. 12, chenye safu zinazofanana nchi nzima. Ni mfumo mzuri. Lakini umewazoesha watu kuamini kwamba takwimu za mwezi zikishatumwa, kitabu kimemaliza kazi, na vile vya kabla ya MTUHA, ambavyo kila hospitali ilijichorea safu zake, vikaonekana havina maana kabisa.

Uharibifu mwingine hufanywa kwa nia njema, na hapa mwongozo wenu ungeokoa mengi. Rafu iwe ya chuma, ianzie sentimita 15 juu ya sakafu na iachane na ukuta kwa sentimita 5 au zaidi, ili njia ya mchwa ionekane kabla haijafika kwenye karatasi. Ikaguliwe kila wiki. Dawa ya wadudu isipulizwe juu ya vitabu, kwani huacha madoa. Kitabu chenye wadudu kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kiwekwe kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja, kisha kitolewe na kiachwe siku nzima kabla ya kufungua mfuko, la sivyo unyevu wa hewa utageuka matone ya maji juu ya karatasi. Friji ya chanjo isitumike kamwe: ina nyuzi 2 hadi 8, haiui wadudu, na si mahali pa vitabu.

Kitabu kilicholowa kikaushwe kivulini kwa feni ndani ya saa 48, kabla ukungu haujashika. Kisipanguswe kwa kitambaa chenye maji: maandishi mengi ya zamani ni ya penseli ya kopi, ambayo ikiguswa na maji hugeuka zambarau na kusambaa ukurasa mzima. Pini zenye kutu ziondolewe taratibu. Seloteipu ni marufuku, gundi yake hugeuka kahawia na kuondoka na wino.

Kuhusu kupiga picha, kosa tunaloliona mara nyingi ni kupiga ukurasa mmojammoja. Mstari wa rejista huvuka kurasa mbili. Ukizitenganisha, jina la mama linabaki picha hii na uzito wa mtoto picha ile. Zipigwe pamoja, kamera ikiwa juu ya stendi na taa zikitoka pande mbili, kurasa tupu nazo zikiwamo. Kitabu cha karatasi 200 kina majozi kama 200 ya kurasa zinazotazamana. Watu wawili wakipata majozi matatu kwa dakika humaliza kwa saa moja na dakika chache; ongeza nusu saa ya maandalizi na ukaguzi. Ni vitabu viwili kwa asubuhi moja. Rejista 60 ni wiki sita za kazi.

Majina ya wagonjwa yalindwe, kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyotaka. Kadi za ukoma ndizo za kwanza kufungiwa, kwa sababu wajukuu wa wagonjwa hao wanaishi vijiji vilevile. Lakini kufungia si kuchoma.

Tunaomba basi tamko la kusitisha uteketezaji hadi mwongozo utoke, makubaliano na Baraza la Maaskofu kuhusu umiliki, na maofisa wenu wawili kwa wiki sita katika hospitali moja ya kuanzia, wakifundisha watu wa masijala wa hapo. Mvua za kusini huanza kati ya Novemba na Desemba, na stoo tunazozizungumzia zinavuja.

Wauguzi na watunza kumbukumbu wa hospitali za misheni, mikoa ya kusini