Kamera mezani, gitaa ukutani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu tuliobahatika kugeuza tulichokipenda kuwa kazi ya kutulisha. Husemwa mara kwa mara kwamba anayefanya kazi aipendayo hahitaji hobi nyingine, kwa kuwa kila siku kwake ni burudani. Mimi ni mpiga picha wa harusi kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na sikubaliani na kauli hiyo.

Nilipokuwa kijana niliweza kukaa nusu saa nikimngoja nyuki atue kwenye ua ili nimpige picha moja tu, na ikiharibika nilicheka. Leo nikishika kamera nawaza betri, mteja anayetaka picha zake kesho asubuhi, na salio la malipo ambalo halijaingia. Mwaka jana binti yangu aliniomba nimpige picha akiwa amevaa sare mpya ya shule, nikamwambia achukue simu ya mama yake. Kamera ilikuwa mezani, hatua mbili kutoka nilipoketi.

Mwaka 1973 Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwachunguza watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Wale walioahidiwa cheti wakichora, walipoachwa baadaye wacheze wapendavyo, walichora kwa takriban nusu tu ya muda waliotumia wenzao ambao hawakuahidiwa chochote. Sisemi malipo ni mabaya, maana kodi ya nyumba hailipwi kwa mapenzi. Nasema tu kwamba kitu kikishaanza kutulisha, tusikitegemee hichohicho kitupumzishe.

Wengi wetu hukosea hapo. Tunamaliza kazi, kisha tunakesha tukirekebisha picha nyingine na kuita hayo mapumziko. Hobi ya mtu wa aina yetu inafaa itumie viungo vingine na akili nyingine, tena iwe jambo ambalo hata ukilifanya vibaya hakuna anayekudai. Mchoraji Mfaransa Ingres, aliyefariki mwaka 1867, alipenda sana kupiga fidla, na hadi leo Wafaransa huiita hobi ya mtu kuwa ni "fidla ya Ingres".

Mimi nimechagua gitaa. Kuhusu muda, ambao kila mtu husema hana, niligundua kwamba ukingoja ubaki hautabaki kamwe. Kwa hiyo Jumanne na Alhamisi jioni nimeziandika katika daftari lilelile la miadi ya wateja, dakika 45 kila siku. Mteja akipiga simu kuomba saa hiyo, namjibu kwamba nina miadi, na huo si uongo.

Najua wapo watakaonikumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo nadhani inamhusu anayetaka kuvuna kote kuwili, nami kwenye gitaa sivuni kitu. Ncha za vidole vyangu zimeota sugu, na baada ya miezi minane naweza kuumaliza wimbo mmoja, tena kwa kusitasita. Jirani yangu, kwa nia njema kabisa, alikwishaniuliza ni lini nitaanza kulipwa kwa kupiga gitaa. Nilimjibu kwamba kwa ninavyopiga, labda nilipwe niache.

Msomaji wako,
Mpiga picha