Wagonjwa wodini waulizwe na hali ya akili

Mhariri,

Mimi ni muuguzi mstaafu. Miaka yangu mingi ya kazi nilikuwa wodi ya magonjwa ya ndani, upande wa wanawake, hapa Tabora. Nawaomba wanaosimamia hospitali zetu: kila mgonjwa aulizwe hali ya akili yake anapolazwa, aulizwe tena kabla hajaruhusiwa, na majibu yaandikwe kwenye faili.

Ukifungua kitabu cha MTUHA, ambamo hospitali huandika magonjwa ya wagonjwa wake, utadhani wodi za kawaida hazina magonjwa ya akili. Utakuta malaria, nimonia, kisukari, presha. Anayeandikwa ni yule anayepiga kelele au kuvua nguo, yule ambaye watu husema apelekwe Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma. Mama wa Sikonge mwenye kisukari, amegeukia ukutani, chakula hagusi, salamu haitikii, ataandikiwa "anaendelea vizuri" kwa kuwa sukari imeshuka. Huenda ana sonona, ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, na akifika nyumbani ataacha dawa. Tutampokea tena na kidonda mguuni.

Shirika la Afya Duniani lilichunguza wagonjwa wa kliniki za kawaida katika nchi 14, wakiwemo wa Ibadan, Nigeria. Ripoti yake ya 1995 ilionyesha kuwa karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na ugonjwa wa akili. Na hao walikuja kwa miguu yao, hawakulazwa.

Kwa nini mara mbili? Mzee wa nimonia anaweza kuingia na akili timamu, usiku akazungumza na watu wasiokuwepo na kung'oa dripu. Ndugu wanaanza kunong'ona kwamba karogwa, wamtoroshe. Mara nyingi nimonia ikitibiwa, akili inarudi. Sonona haiondoki na homa. Ukiuliza mara moja tu, huyo mzee na mwenye sonona unawachanganya.

Pa kuanzia ni maswali mawili: katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya mambo unayoyapenda? Umejisikia mnyonge au umekata tamaa? Asiulizwe mbele ya mume au mkwe, hatasema kweli. Bibi anayejieleza vizuri kwa Kinyamwezi aulizwe kwa Kinyamwezi.

Akijibu ndiyo, daktari amwone, na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi yake ileile ya kisukari, asipangiwe foleni ya peke yake ambayo majirani wataijua.

Muuguzi mstaafu,
Isevya, Tabora