Fundi, hesabu mizunguko ya nati kabla ya kutufungia spesa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wa matairi wa jiji hili, pamoja na wenzangu tunaoendesha Corolla 110 zilizokwisha kula chumvi nyingi.

Mwezi uliopita nilikuwa Barabara ya Mandela, natoka Ubungo kuelekea Buguruni, nikasikia mlio mbele kushoto: kto, kto, kto. Nikadhani bering. Mara usukani ukaanza kutetemeka. Nikaegesha, nikashika nati za tairi kwa vidole. Kwa vidole, Mhariri, bila spana! Mbili zikazunguka. Ya tatu haikuwepo, bolti yake imekatika.

Siku nne kabla nilikuwa nimenunua rimu za spoti za mtumba, pana kidogo, zikawa zinagusa shokapu kwa ndani. Kijana wa gereji akaniambia, "Mzee wangu, hapo dawa yake spesa tu." Spesa yenyewe ni sahani ya aluminiamu ya milimita 5; akaichomeka kati ya rimu na habu, yaani kile kitovu chenye bolti za tairi, akarudishia nati zilezile kwa mashine ya upepo. Dakika kumi, kwisha. Nikampa na hela ya soda.

Sasa tufanye hesabu ambayo sisi wawili hatukuifanya. Bolti za tairi za Toyota hii zina unene wa milimita 12, na nati husogea milimita 1.5 kila inapozunguka mara moja. Ili ishike sawasawa inatakiwa izunguke walau mara nane kabla ya kukaza. Sahani ya milimita 5 peke yake inakula mizunguko mitatu na ushei. Nilipohesabu za kwangu nyumbani, kila nati ilizunguka mara nne na nusu tu. Nati iliyoshika hivyo hulegea, rimu ikaanza kucheza, bolti ikawa inapindwa huku na huku kila tairi linapozunguka, mpaka ikakatika.

Lingine nilioneshwa na fundi mmoja mtu mzima pale Ilala. Nati nilizokuwa nazo ni za rimu za kiwandani za Toyota, zenye washa bapa. Tundu la rimu yangu limechongwa mdomo wa koni. Akaiweka nati tunduni, akaitikisa mbele yangu kama jino bovu. Halafu akanionesha tundu la katikati: habu ya Corolla ni milimita 54.1, rimu ile 73.1. Hapo palitakiwa ringi ya kuziba nafasi, nami sikuwahi hata kuisikia.

Sisemi spesa zipigwe marufuku. Zipo zinazofungwa kwenye habu kwa nati zake na kuja na bolti zake za kufungia rimu, mradi ncha za bolti za zamani zisitokeze zikasukuma rimu. Anayetaka ile sahani nyembamba abadilishe kwanza bolti, aweke ndefu. Lakini kwa maoni yangu, tafuta rimu inayoingia yenyewe. Kuzunguka maduka ya vipuri ya Gerezani siku nzima hakujamuua mtu.

Ninachoomba kwa mafundi ni kidogo. Pigeni brashi ya waya kwenye habu, maana kwa upepo huu wa bahari kutu haikosi. Nati ianzwe kwa mkono, mashine ya upepo isubiri. Kazeni kwa mtindo wa msalaba, nati moja kisha inayotazamana nayo, mkimalizia kwa spana ya kupimia nguvu: gari hili linataka Nyutoni-mita 103. Na mteja aambiwe arudi kukaziwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kama mtu aliyefika Bagamoyo hivi.

Nilimrudia yule kijana, spesa mkononi, nikamweleza yote haya. Alisikiliza kwa adabu kabisa, kisha akaniuliza kama ningependa ya milimita 8.

Mwenye Corolla,
Tabata, Dar es Salaam